Nilipotea Njia, Nikaonyeshwa Ndia

Wahenga waliponena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi, nadhani walimkusudia mtu anayetembea kwa hiari yake. Mimi sikutembea, nilihamishwa. Barua ya uhamisho ilinifikia kwetu Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, mwishoni mwa mwaka 2016, asubuhi moja ambapo sakitu ilikuwa imekwisha kuviunguza viazi vya jirani yangu. Barua ikaniarifu kwamba kuanzia Januari 2017 ningekuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili kisiwani Mombasa.

Wenzangu walinipa pole. Mimi, kwa siri, nilijipa hongera. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa miaka 11, nimesahihisha insha zisizo na idadi, na ngeli za nomino nilizijua kama ninavyovijua vidole vyangu. Nikajisemea moyoni: ni nani anayestahili kwenda penye chimbuko la lugha kama si mwalimu wa lugha? Msomaji mpendwa, majivuno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuyaandika haya ninayoyaandika leo, kwa maana yalinigharimu aibu, na aibu hiyo ikamgharimu mtoto wa watu.

Niliwasili alfajiri kwa basi la usiku. Kutoka Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 480, nami kwa miaka yangu yote sikuwa nimepata kuvuka Mtito Andei. Kinangop ni nchi iliyoinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa huko hazaliwi ila ndani ya sweta. Basi niliteremka Mwembe Tayari nikiwa nimevaa fulana, shati, sweta na koti. Fukuto likanipokea kama mtu anayefungua kifuniko cha sufuria iliyo mekoni. Hamali mmoja aliyekuja kunipokea mizigo alinitazama kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa kama nilikuwa na homa.

Nilishauriwa nitafute chumba ng'ambo ya Likoni, ambako kodi ilikuwa nafuu kuliko kisiwani. Nilimkuta bi mkubwa mmoja ameketi barazani kwake akichambua mchele, nikamsalimu, kisha nikamweleza kwamba natafuta mahari pa kukaa. Yule bibi aliuweka uteo chini.

"Wanaotafuta mahari ni wanaotaka kuoa, mwanangu," akasema. "Wewe wataka mke au wataka chumba?"

Ni lazima nikiri kwamba ulimi wangu wa mlimani, hasa unapochoka, huzichanganya sauti za r na l. Darasani kwetu Kinangop hapakuwa na wa kunicheka, maana sote tulikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Hapa, kwa sauti moja tu niliyoikosea, nilikuwa nimeposa kabla sijaketi. Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, kisha akanipa chumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vimeelekeana huku na huku, uani nyuma penye jiko na bafu, na baraza mbele. Nilidhani nimekodi chumba. Kumbe nilikuwa nimekodi na jamaa. Mlango ukiufunga mchana, watu hubisha hodi kuuliza kama u mgonjwa. Ukipika, huli peke yako. Na maji yakikatika, shida ni ya wote. Sehemu ya maji ya Mombasa huja kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani; siku yasipofika, mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita ishirini ishirini huwa ndiye mfalme wa mtaa, nasi raia wake hupanga foleni kwa adabu.

Somo la kwanza nililipata dukani. Niliingia nikasema, "Nipe mkate." Mwenye duka akanijibu, "Hujambo?" Nikasema sijambo, nipe mkate. Akaniuliza, "Umeamkaje?" Nikamwambia vyema, nina haraka. Akauliza habari za nyumbani. Hapo nikatambua kwamba mkate ule ulikuwa na bei mbili, na ile ya fedha ilikuwa ya pili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitoka chumbani dakika kumi mapema ili nipate wakati wa kununua mkate wa dakika moja.

Somo la pili lilikuwa la mbuzi. Jumapili yangu ya kwanza, bibi mwenye nyumba aliniita uani akaniomba nichukue mbuzi nimkunie nazi. Usidhani, msomaji, kwamba nilitoka kwenda kutafuta mnyama. La hasha! Mimi ni mwalimu. Nililijua vyema neno hilo: mbuzi, kifaa cha kukunia nazi. Nilikuwa nimelifundisha mwaka baada ya mwaka, nikalitungia maswali, na walioshindwa kulijibu nikawakata alama. Lakini kifaa chenyewe sikuwa nimepata kukiona kwa macho yangu. Nilikikalia kinyume, meno yake ya chuma yakielekea nyuma yangu, na watoto wote wa nyumba ile wakaja kutazama. Nilipogeuzwa na kuanza kazi, nilikuna nazi pamoja na ncha ya kidole. Bibi akalitupa chicha langu lenye damu, akakuna mwenyewe, akakamua tui kwa kifumbu (neno jingine nililokuwa nimelifundisha kwa imani tu) na jioni tukala mbaazi za nazi kwa mahamri yaliyobaki asubuhi.

Somo la tatu lilinichanganya zaidi. Asubuhi moja nilisikia bibi akiniita kutoka uani, "Mwalimu, ndoo!" Nikaichukua ndoo yangu, nikamkimbilia nayo. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Nakwambia ndoo, wewe waniletea ndoo!" Kumbe alikuwa akiniambia njoo, nikanywe chai. Sote tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa namna yangu. Moyoni nilisema: maskini, bibi huyu hakusoma, ndiyo maana hawezi kutamka njoo.

Kumbuka neno hilo, msomaji, kwa maana nitalirudia.

Ama kuhusu feri, sijui nianzie wapi. Mombasa ni kisiwa, na mtu wa Likoni hana budi kuvuka maji aende kazini. Waendao kwa miguu huvuka bila malipo, nao ni umati ambao kwetu huonekana siku ya mnada peke yake. Nilikuwa nimesikia habari za feri ya MV Mtongwe, iliyozama katika kivuko cha Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 ikaua zaidi ya watu 250, na siku ya kwanza nilipanda huku nikiyasoma maombi yote niliyoyajua. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la muhogo aliniona nimeshikilia chuma kwa mikono miwili. Akaniambia, "Legeza, mwanangu. Hicho chuma hakikimbii."

Basi nililegeza, nikainua macho, nikaiona meli kubwa ya mizigo ikiingia Kilindini. Sikuwa nimepata kuona kitu cha watu kikubwa namna ile kikitembea. Niliitazama ikipita, nikaitazama mpaka ikapinda, na nilipozinduka watu waliokuwa nami walikuwa wamekwisha kushuka, wengine wamekwisha kupanda, na feri ilikuwa ikinirudisha Likoni. Nilifika shuleni baada ya kengele ya kipindi cha pili. Nilipoulizwa sababu, nilisema ukweli, na hakuna aliyeuamini.

Kivuko hicho pia kilinifunza maneno mengine niliyokuwa nimeyafundisha kwa imani: kupwa na kujaa. Kwenye kitabu yalikuwa maneno mawili yenye maana zilizo kinyume. Gatini ni kitu kingine. Maji yakijaa, unatembea kuingia ferini kama anayeingia sebuleni. Yakipwa, mteremko huwa mkali na wasukuma mikokoteni hupiga kelele za kuombana nguvu. Na ukisikia mwenyeji akitaja bamvua, ujue kwamba maji siku hizo yatajaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Magoti yangu yalikuwa yameielewa jozi hiyo ya maneno kabla ya akili yangu.

Hayo yote yalikuwa madogo, nami nimeyasimulia ili ucheke. Lakini kuna moja lililotokea darasani ambalo silichekelei.

Wiki ya tatu ya muhula niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha kuhusu siku ya mvua kubwa. Miongoni mwa madaftari niliyoyasahihisha, lilikuwamo la kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mwepesi wa kuinua mkono, ambaye tangu nifike alikuwa amejibu karibu kila swali langu. Aliandika hivi: "Nilipotoka nde nikaiona ndia yote imefunikwa na maji." Nde! Ndia! Mbele kidogo, kitwa. Mbele zaidi, mato. Kalamu yangu nyekundu ilizunguka ukurasa ule kama kuku aliyekatwa kichwa. Nilimpa alama 6 kwa 20, na chini yake nikaandika maneno matatu: "Jifunze Kiswahili kwanza."

Laiti ningekomea hapo! Siku iliyofuata niliisoma sentensi yake kwa sauti mbele ya darasa, eti iwe funzo kwa wote. Nusu ya darasa, wale ambao wazazi wao walitoka bara kama mimi, waliangua kicheko. Nusu nyingine ilinyamaza. Kijana mwenyewe hakulia wala hakuteta. Alilifunga daftari lake polepole, akalilalia kwa viwiko. Tangu siku hiyo mkono wake haukuinuka tena. Nikimwita kwa jina, alisimama akasema, "Sijui, mwalimu," kisha akaketi.

Nami, kwa ujinga wangu, nilidhani ni uvivu umemwingia.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, bibi mwenye nyumba alinituma nimpelekee kaka yake kikapu cha maembe. Kaka huyo alikaa Kibokoni, katika Mji wa Kale. Nilielezwa mahali vizuri: ukiipita Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, shika njia ya kushoto, kisha uulize. Nilishika njia ya kushoto. Kuuliza sikuuliza, maana mwalimu haulizi njia.

Anayeujua Mji wa Kale anakwisha kujua lililonipata. Vichochoro vile havikuchorwa kwa rula. Kuta za huku na za huko zinakaribiana mpaka jua halifiki chini; juu kuna roshani za mbao, na milango ya nakshi imefanana hata usijue ni upi uliokwisha kuupita. Niligeuka kulia, nikageuka kushoto, nikatokea penye bahari. Nikarudi, nikajaribu upande mwingine, nikatokea penye bahari ile ile. Kikapu kilikuwa kizito, jasho linanitiririka, na wazee waliokuwa wakicheza bao barazani walikuwa wameniona nikipita mara tatu. Mara ya nne mmoja wao hakuweza kuvumilia.

"Ndia si hiyo, sheikh," akaniambia.

Kabla sijamjibu, nilisikia miguu ikikimbia nyuma yangu. Alikuwa yule kijana wa dirishani. Kumbe mtaa ule ulikuwa mtaa wao. Alikuwa peku, amevaa kikoi, na uso wake ulikuwa mwingine kabisa: uso wa mtu aliye kwao. Alikipokea kikapu mikononi mwangu bila kuombwa, akanionyesha kwa kidevu kichochoro kilichokuwa mbele yetu.

"Mwalimu, ndia ni hii," akasema. Kisha akasita. Uso ule wa kwao ukazimika, ukarudi ule wa darasani. "Njia," akasema. "Samahani, mwalimu. Njia ni hii."

Msomaji mpendwa, nimewahi kukaripiwa na wakubwa wangu, na nimewahi kuchekwa na watoto nikiwa juu ya mbuzi. Hakuna lililowahi kunichoma kama samahani ile. Mtoto aliyesimama mlangoni kwa babu zake, akinionyesha mimi mgeni niliyepotea pa kupita, aliniomba radhi kwa kulitaja jina la njia ya kwao kama walivyoliita wazee wake. Na aliyemfunza kuomba radhi hiyo ni mimi.

Alinifikisha, akaniachia kikapu mlangoni, akaondoka kabla sijapata la kumwambia.

Kaka wa bibi alikuwa mwalimu mstaafu. Aliagiza kahawa chungu kwa kijana aliyekuwa akipita na dele, tukaketi barazani, nami, kwa kuwa moyo ulikuwa umenijaa, nilimsimulia yote. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja: je, nilijua mkutano ulioteua lahaja ya Kiswahili sanifu ulifanyika wapi?

Nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimelifundisha. Ulifanyika mwaka 1928, wajumbe wakiwa wametoka katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza Afrika Mashariki, na Kiunguja ndicho kilichoteuliwa. Kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini nilipofika penye "wapi", ulimi wangu ulikwama. Nilikuwa nimeutamka mji huo mbele ya wanafunzi mara nyingi bila kuufikiria. Ulifanyika Mombasa. Katika mji wa watu wasemao ndia ndimo ilimoamuliwa kwamba vitabu vitaandika njia.

Mzee hakulisema hilo kwa uchungu. Alinikumbusha kwamba Kiunguja kilikuwa na hoja zake: kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara kutoka Unguja hadi ndani kabisa ya bara, na watu wengi wa mbali walikuwa wakikitumia tayari. Lakini alinikumbusha pia kwamba Kimvita hakikuwa kiraka. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijifunza Kiswahili cha huku, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, iliegemea lahaja hii. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa karne ya 19 ambaye sisi walimu humtaja kwa heshima tunapofundisha ushairi, alitunga kwa Kimvita. Basi nikajiuliza: kama Muyaka angekuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, ningempa alama ngapi kwa 20?

Nikamwuliza mzee kama alitaka tuache kufundisha Kiswahili sanifu. Akatikisa kichwa.

"Kiswahili sanifu ni kama feri yenu ya Likoni," akasema. "Huvusha watu wote, nayo ni lazima iwepo. Lakini hakuna mtu alalaye ferini, mwanangu. Kila mtu akishavuka hwenda kwao."

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lile lile nililokuwa nimelichekesha. Niliwaambia kwamba nilikuwa nimekosa. Niliandika ubaoni safu mbili: njia na ndia, nje na nde, njoo na ndoo, kichwa na kitwa, macho na mato. Nikawaonyesha kwamba hapo hapakuwa na uzembe bali palikuwa na kanuni: mahali pengi ambapo Kiunguja husema nj, Kimvita husema nd, na mahali pengi ambapo Kiunguja husema ch, Kimvita husema t. Nikawasimulia pia habari ya ndoo niliyompelekea bibi, na safari hii nusu iliyocheka ilikuwa ile nyingine.

Kisha niliisahihisha upya insha ya kijana yule. Sikumpa 20, maana alama za uakifishaji hakuziweka na aya zake ziligongana, nilimpa 11. Maneno yangu matatu niliyafuta, na kando ya ndia nikaandika kwa wino wa buluu: "Kimvita. Katika mtihani andika njia." Alilipokea daftari, akasoma, akasema, "Ahsante, mwalimu." Hakutabasamu. Wiki ikapita, na nyingine, naye bado kimya. Sikumlaumu. Kumvunja mtoto moyo ni kazi ya dakika moja, lakini kumrejesha hakuna ratiba.

Siku moja nilikuwa nikieleza vifaa vya uvuvi. Nilichora dema ubaoni, kwa ile imani yangu ya siku zote, nikalichora kama wavu. Mkono ukainuka karibu na dirisha.

"Dema si wavu, mwalimu," akasema. "Dema husukwa kwa fito. Samaki huingia, asione pa kutokea."

Nilimpa chaki. Alikuja mbele akachora dema, mdomo wake, tumbo lake, na mahali pa kuwekea chambo, akieleza mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chetu chochote. Alipomaliza, akaniuliza swali lake la kwanza baada ya mwezi mzima: je, ni kweli kwamba kwetu ardhi huamka nyeupe? Nikawaeleza habari za sakitu, jinsi inavyoanguka usiku usio na mawingu, jinsi majani yanavyovunjika chini ya kiatu, na jinsi mkulima anavyoweza kulala ana shamba la viazi akaamka hana. Walisikiliza kama watu wanaosimuliwa ngano. Neno hilo walikuwa wamelikariri tangu shule ya msingi, kama mimi nilivyolikariri neno mbuzi.

Walimu wenzangu, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikafanywa somo la lazima lenye mtihani, sisi tumefanya kazi kubwa ya kukisambaza nchini. Sibezi kazi hiyo. Ndiyo iliyonifanya mimi mtoto wa Kinangop niweze kukiandika. Mtihani utaendelea kudai lugha sanifu, na mwalimu anayemficha mwanafunzi ukweli huo anamdhulumu. Lakini kosa na lahaja ni vitu viwili mbalimbali, na kalamu nyekundu isiyojua tofauti yake ni kalamu ya mtu asiyejua somo lake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu kile kile cha 7 kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, inalitaka taifa lilinde na kuendeleza wingi wa lugha za watu wake. Sioni ni vipi tutaulinda wingi huo ikiwa mtoto anaomba radhi kwa neno la nyanya yake.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila juma, tenga sehemu ya kipindi kimoja wanafunzi walete maneno ya nyumbani kwao na vitu vyenyewe ikiwezekana. Tofauti za lahaja ziandikwe kando kwa wino mwingine, mbali na makosa. Na mwalimu akifundisha jina la kitu asichokijua, aseme wazi kwamba hakijui, na aulize. Huenda yuko mtoto dirishani anayekijua.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtahamia miji ya watu siku moja, kwa masomo au kwa kazi. Mtapotea, hilo halina dawa. Mkipotea, ulizeni mapema kuliko nilivyouliza mimi, na mkijibiwa kwa neno msilolizoea, msikimbilie kulisahihisha. Lifuateni, mtafika.

Mimi bado ni mpangaji Likoni. Nazi sasa naikuna bila kumwaga damu, na sweta yangu naivaa safari za kwetu tu. Majuzi, nikiwa natoka gatini upande wa kisiwani, kijana mmoja aliyevaa koti zito chini ya jua la saa sita alinisimamisha, jasho likimtoka, begi kubwa mkononi. Alikuwa mwalimu mpya kutoka bara, ametumwa shule moja si mbali na yetu, naye alikuwa akizunguka pale gatini tangu asubuhi. Aliniuliza mahari pa kupandia matatu.

Nililipokea begi lake.

"Ndia ni hii," nikamwambia. Nilipotambua nilichokisema, sikujisahihisha.